Toni ya Neno na Njia ya Wimbo: Zhao Yuanren na Waimbaji wa Malambo

Mpenzi wa ushairi wa pwani hahitaji kuambiwa kwamba shairi halikuzaliwa karatasini. Utenzi hutungwa ili ughaniwe, na aliyeyashika mahadhi ya utenzi mmoja aweza kughani tenzi nyingine zote zenye mizani nane, hata zile ambazo hajapata kuzisikia. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, haukuenea kwa nguvu ya nakala peke yake. Ulienea kwa vinywa vya wanawake, mama akimghania binti, na binti akimghania wa kwake. Kwa hiyo swali la namna ya kuhifadhi wimbo na kuufundisha si geni visiwani. Huku limeulizwa kwa karne nyingi, na jibu lake siku zote limekuwa na pande mbili: hati na sauti.

Makala haya yanalichukua swali hilo hilo na kulipeleka mbali kidogo, kwa mtunzi mmoja wa China na kwa waimbaji wa kata moja ya wafugaji. Mtunzi ni Zhao Yuanren. Kata ni Malambo, katika Wilaya ya Ngorongoro, Mkoa wa Arusha, mashariki ya mbuga za Serengeti, ambako Wamaasai wanachunga jirani na Wabatemi, wale waitwao Wasonjo. Hakuna historia inayowakutanisha wawili hawa. Kinachowakutanisha ni jambo moja la lugha: Kichina na Kimaasai ni lugha za toni, na mtu anayetunga wimbo wa kuimbwa na wengi katika lugha ya toni hukabiliwa na mtihani ambao mtunzi wa Kiswahili ameepushwa nao.

Zhao alizaliwa Tianjin mwaka 1892, katika ukoo uliotoka Changzhou. Alikwenda Marekani mwaka 1910, akasoma hesabu katika Chuo Kikuu cha Cornell, kisha akapata shahada ya udaktari wa falsafa Harvard mwaka 1918. Mwaka 1925 alirejea kufundisha Tsinghua, Beijing, na kutoka mwaka 1947 alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Alifariki dunia mwaka 1982. Wanaisimu wanamjua kwa sababu yao: ni yeye aliyetoa, mwaka 1930, zile alama za ngazi tano za kuandikia toni, ambazo hadi leo hutumika kuandikia lugha za toni kote duniani, zikiwamo za Afrika. Waimbaji wanamjua kwa sababu nyingine: ni yeye aliyetia muziki mashairi ya kizazi kipya cha washairi wa China, na mwaka 1928 akayakusanya katika kitabu cha nyimbo. Katika kazi zake, iliyo kubwa kwa upande wa kwaya ni Haiyun, ya mwaka 1927, aliyoitunga juu ya shairi la Xu Zhimo.

Msomaji wa kisiwani ana haki ya kuipenda Haiyun kabla hajaisikia, kwa kuwa shairi lenyewe ni la bahari. Msichana yuko peke yake ufukweni jioni. Mshairi anamwita arudi nyumbani. Msichana anakataa, anataka upepo wa usiku. Anaitwa tena, naye anajibu kwa kuimba, kisha kwa kucheza, na bahari inazidi kuchafuka. Mwisho ufukwe umebaki mtupu, na anayeita haitikiwi. Beti ni tano, na kila ubeti una sauti mbili: ya anayeita na ya anayekataa. Mazoea ya pwani yangeliita shairi la majibizano.

Zhao aliusoma mgawanyo huo vizuri. Sauti ya msichana aliipa soprano mmoja, mwito akaupa kwaya, na mawimbi akayaachia piano. Hapa ndipo ubora wa kwanza wa kazi hii ulipo. Kwaya haikuwekwa ili kuongeza ukubwa wa sauti, imekuwa mhusika. Ni jamii nzima inayosimama pwani ikimwita mtu mmoja, na wingi wao haufui dafu. Mwishoni, soprano anaponyamaza, msikilizaji anatambua kwamba nusu ya wimbo imezama. Hakuna maelezo yanayohitajika.

Ubora wa pili hausikiki kwa urahisi kwa asiyejua Kichina, nao ndio kiini cha makala haya. Katika lugha hiyo, kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno kama zilivyo irabu na konsonanti. Neno moja lenye matamshi ya “mai” huwa “kununua” likitamkwa kwa toni ya chini inayozama, na huwa “kuuza” likitamkwa kwa toni inayoporomoka. Mwenye duka na mteja wake wametenganishwa na sauti tu. Kiswahili sanifu hakina jambo hilo, ila kuna mfano mdogo wa jirani yake: barabara ya kupitia magari na barabara ya “sawasawa” hutofautishwa na mahali mkazo unapoangukia. Mtunzi akiukosea mkazo huo katika wimbo, msikilizaji atacheka kidogo na kuendelea. Sasa na ayafikirie maneno yote ya lugha yakiwa hivyo.

Washairi wa kale wa China walizigawa silabi katika makundi mawili, zenye toni tulivu na zenye toni inayohama, na arudhi yao ilijengwa juu ya mpangilio wa makundi hayo kama yetu ilivyojengwa juu ya mizani na vina. Zhao aliichukua kanuni hiyo ya ushairi akaifanya kanuni ya muziki. Kwa jumla, silabi tulivu aliitafutia noti ya kutulia, na silabi inayohama aliitafutia noti inayohama au inayoegemea nyingine. Hakulazimisha wimbo uige usemi hatua kwa hatua, maana huo ungekuwa usemi uliokokotwa na si wimbo. Alitaka tu muziki usilikanushe neno.

Mhakiki mwadilifu hana budi kuuliza: je, jambo hilo ni la lazima? Jibu ni kwamba si la lazima. Nyimbo nyingi mno za Kichina cha leo hazizijali toni, na wasikilizaji huelewa, kwa kuwa muktadha huwaongoza. Alichofanya Zhao ni adabu ya sanaa, kama kina cha kati katika shairi: shairi laweza kueleweka bila ya kina hicho, lakini aliyezoea kukisikia hujua mara moja kinapokosekana.

Na papo hapo ndipo udhaifu wa kazi yake unapoonekana. Zhao alijifunza muziki wa Ulaya, na kwaya yake ni ya sauti nne: soprano, alto, teno na besi. Kanuni za muziki huo hupendelea sauti zitofautiane mwendo. Moja ikipanda, nyingine ishuke. Ikiwa sauti nne zinatamka neno moja kwa wakati mmoja na kila moja ina njia yake, basi ni moja tu inayoweza kulitii neno. Zilizobaki zinalivunja. Sauti ya juu ndiyo isikikayo zaidi, kwa hiyo hasara hufichika. Lakini muimbaji wa besi ambaye ni mzawa wa lugha hiyo anaimba jambo ambalo kinywa chake kisingelisema. Umahiri wa Haiyun umo katika sauti ya yule msichana. Katika sauti ya umati, kanuni ya mtunzi inapambana na elimu yake, na mara kwa mara elimu ndiyo inayoshinda.

Waimbaji wa Kimaasai waliukabili mtihani huo huo, wakapata jawabu jingine. Kimaasai ni lugha ya toni, na toni yake hufanya kazi nzito kuliko ya kutofautisha maneno tu: hutofautisha mtenda na mtendwa. Sentensi “edol embarta” ikiandikwa kama inavyoandikwa kwa kawaida, bila ya alama za toni, ina maana mbili. Yaweza kuwa mtu amemwona farasi, au farasi amemwona mtu. Herufi ni zile zile, mpangilio ni ule ule. Kinachoamua nani anaona na nani anaonwa ni toni ya neno. Tucker na Tompo Ole Mpaayei waliliandika jambo hili kwa uangalifu katika sarufi yao ya mwaka 1955, na kuziwekea toni alama. Lakini vitabu vya kawaida havikufuata njia hiyo, na maandishi mengi ya Kimaasai yaliyopo humwachia msomaji aitafute toni mwenyewe.

Sasa atazamwe muimbaji. Wimbo wa Kimaasai huongozwa na olaranyani. Yeye huanza kwa kauli fupi ya kuutambulisha wimbo, kundi humwitikia, kisha hushika mishororo yake: sifa za ng'ombe, majina ya mahali, habari za rika, shutuma, mzaha, dua. Kundi halimfuati katika maneno hayo. Linashikilia kiitikio kifupi chenye silabi chache, au linavuma kwa koo na pumzi, zito na la mpigo usioyumba, kiasi kwamba hakuna anayeiulizia ngoma. Wanawake nao wana nyimbo zao, za kubembelezea watoto, za kusifu wana wao, za kuomba mvua na uzazi, na humo pia yuko anayeongoza na wapo wanaopokea.

Mpangilio huu huelezwa mara nyingi kana kwamba ni mtindo tu wa Kiafrika wa kuitana na kuitikiana. Ukitazamwa kwa jicho la Zhao, unaonekana kuwa ni ufumbuzi. Maneno yenye maana, ambayo toni yake haifai kuguswa, yamekabidhiwa sauti moja iliyo huru kupanda na kushuka yatakavyo maneno. Uzito wa wengi umewekwa pale ambapo hakuna neno la kuharibika: katika mvumo, katika pumzi, katika kiitikio ambacho kila mtu anakijua toka utotoni. Kile ambacho Zhao alikipata katika sauti ya soprano na kukipoteza kwa kiasi katika kwaya, olaranyani na kundi lake wanakipata bila kukipoteza popote. Haina maana kwamba Malambo imemshinda Tsinghua. Shabaha zao si moja. Maana yake ni kwamba uimbaji wa Malambo una nadharia ndani yake, ingawa haijaandikwa, na anayetaka kuuhifadhi lazima aihifadhi nadharia hiyo pamoja na nyimbo.

Hapo ndipo suala la kufundisha linapokuwa gumu. Njia zinazojulikana ni tatu, na kila moja ina kasoro yake.

Ya kwanza ni noti. Kwaya za Tanzania zimelelewa na sol-fa, zile herufi za do, re, mi, zilizoenezwa na shule na makanisa. Kwaya za China zimelelewa na tarakimu, moja hadi saba. Mifumo hii miwili ni ndugu. Yote ni rahisi, haihitaji chombo, na imewafundisha watu wa kawaida kuimba kazi kubwa. Mfano mashuhuri ni wa mwaka 1939 huko Yan'an, ambapo Xian Xinghai, mtoto wa watu wa bahari aliyezaliwa Macau na kusoma Paris, aliitunga Kantata ya Mto Manjano na kuwafundisha waimbaji katikati ya vita, na katika vyombo vyao kulikuwamo kimoja kilichotengenezwa kwa debe la mafuta ya taa. Noti zinaweza kubeba mengi. Ila noti huandika njia iliyokwisha kupitwa. Wimbo wa olaranyani hubadilika kila anapobadilisha neno, na noti ikishauandika mara moja huufanya uonekane kama haukuwa na njia nyingine.

Ya pili ni kinasa sauti. Hiki hushika mengi ambayo noti huyaacha: mkwaruzo wa koo, kicheko, mlio wa shanga za mchezaji anaporuka. Kasoro yake haimo katika chombo bali katika umiliki. Sauti ikishanaswa husafiri, na aliyeitoa hubaki nyuma. Mwaka 2008 Shirika la Haki Miliki Duniani lilishiriki kuwapeleka Marekani watu wa jamii ya Kimaasai ya Il Ngwesi, Laikipia, ili wajifunze kurekodi na kutunza urithi wao wenyewe. Fikra iliyomo katika mpango ule ni njema: anayeimba ndiye aamue kipi kinaswe, kipi kisikizwe na wageni, na kipi kibaki kwa rika lake. Nyimbo za jando si za kila sikio, na hifadhi isiyojua kunyamaza ni uvunjaji wa mlango.

Ya tatu ni mwalimu mwenyewe. Hii ndiyo ya zamani kupita zote, na visiwa vinaijua. Maulidi ya Homu ya Unguja, ambamo waimbaji hupiga magoti safu moja wakayumba pamoja huku sauti zikipanda kutoka taratibu hadi kasi, hayakufunzwa kwa noti. Mwanafunzi hukaa pembeni mwa mkubwa na mwili wake hujifunza kabla ya akili yake. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa katika Jumba la zamani la Forodha mwaka 2002, kilipoanza kufundisha taarabu kwa noti kiliwaleta pia wazee wa kazi hiyo wakae na vijana, kwa sababu ilidhihirika kwamba hati haiwezi kumfundisha mtu namna ya kuchelewa kidogo katika neno. Kasoro ya njia hii ni moja, nayo ni mauti. Mwalimu akiondoka bila mwanafunzi, hakuna rafu ya kutazama.

Katika mambo haya, Zhao ana funzo jingine, na pengine ni kubwa kuliko Haiyun. Kwao Changzhou kulikuwa na desturi ya kughani mashairi ya kale. Haikuwa na wimbo maalumu kwa kila shairi. Kulikuwa na mahadhi ya jumla, na msomaji aliyapitisha katika shairi lolote kwa kufuata mpangilio wa toni zake, kama mghani wetu apitishavyo mahadhi ya utenzi katika utenzi wowote. Zhao aliilelewa ndani ya desturi hiyo, akaieleza katika maandishi yake kama kanuni, na sauti yake mwenyewe akighani ilihifadhiwa. Mwaka 2008 China iliuingiza ughani wa Changzhou katika orodha yake ya taifa ya urithi usioshikika. Jambo la kuzingatiwa ni lile alilolihifadhi: hakuweka kapu la nyimbo tu, aliweka na njia ya kuzalisha nyingine.

Malambo inahitaji hilo, na wakati hauko upande wake. UNESCO ilipoingiza mwaka 2018 sherehe tatu za rika za Wamaasai, Enkipaata, Eunoto na Olng'esherr, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, ilifanya hivyo kwa jina la Kenya. Rika halina pasipoti, lakini orodha inayo, na waimbaji wa upande wa Tanzania hawakutajwa humo. Mwezi Juni 2022 eneo la kilomita za mraba 1,500 katika Loliondo liliwekewa mipaka, na baadaye likawa Pori la Akiba Pololeti. Na mwaka huo huo familia za Tarafa ya Ngorongoro zilianza kuhamia Msomera, Handeni. Shauri la ardhi lina mahali pake pa kuamuliwa. Linalohusu uhakiki ni hili: mishororo ya olaranyani imejaa majina ya mito, vilima na malisho, na kundi linaloitikia ni la watu waliokua pamoja. Jina likikosa mahali, na rika likitawanyika, mshororo waweza kubaki katika kanda ukiwa mzima wala asiwepo wa kuutambua.

Lipo pia jambo ambalo si rahisi kulisema katika kurasa zinazokipenda Kiswahili. Mtoto wa Malambo anapoingia darasa la kwanza hufundishwa kwa Kiswahili, na Kimaasai hakina kipindi. Kiswahili kimemfungulia mtoto huyo nchi nzima, na hakuna anayetaka kumfungia mlango huo. Hata hivyo ni lugha isiyo na toni, nayo inamzoesha kuandika na kusoma bila kuisikiliza sauti ya neno. Akija kuliandika neno la mama yake kwa mazoea hayo hayo, ataandika “edol embarta” asijue kwamba ameacha nje nani anaona na nani anaonwa. Lugha iliyojaliwa washairi wengi kiasi hiki haipungukiwi na kitu ikiwapa wengine nafasi. Kitabu kidogo cha nyimbo kwa shule, chenye Kimaasai kilichowekewa alama za toni, maelezo kwa Kiswahili, na majina ya waimbaji waliokubali kutajwa, si kazi iliyo nje ya uwezo wa nchi yenye baraza la sanaa na vyuo vikuu vinavyofundisha isimu.

Mafundisho yenyewe yangeanza pale Zhao alipoanzia. Kwanza neno lisemwe, lisemwe tena, mpaka mwanafunzi asikie linapanda wapi na linashuka wapi. Kisha liimbwe na mkubwa. Kisha mwanafunzi aliimbe. Na mwisho, jambo ambalo wafundishaji wa kwaya hulisahau, aambiwe aliondoe neno hilo na kutia lake.

Hapo ndipo kipimo kilipo. Kumfundisha mtoto kuimba kama kanda ilivyoimba ni kazi, lakini kasuku naye huifanya. Ushairi wa Kiswahili umedumu kwa sababu hadi leo yupo anayeweza kumjibu mwenziwe kwa mizani na vina juu ya jambo la jana. Siku ambayo kijana wa Malambo atatia katika mshororo wa babu yake jina la ng'ombe wake mwenyewe, na wimbo ukageuka kidogo kulifuata jina hilo bila yeye kuambiwa, na kundi likampokea, hapo itasemwa kwamba uimbaji huo umefundishwa.